Juu ya Nini Wanatuhesabu Tena? Historia fupi ya daftari, kadi na alama za vidole

Wiki mbili hizi, kila tunapopita kwenye vijiji vya kambi kutangaza zoezi la uhakiki, swali tunalokutana nalo ni moja tu: "Juu ya nini wanatuhesabu tena?" Wengine wanauliza kwa hasira, wengine kwa woga. Kuna mama wametuambia wazi kwamba hawataenda na watoto wote, sababu walishaenda mara moja wakarudi na chakula kimepungua. Kuna wazee wanasema daftari haijawahi kuwaletea kitu kizuri tangu walipozaliwa.

Sisi wa kujitolea tunavaa fulana na kushika megafoni. Lakini swali kama hilo halijibiwi kwa megafoni. Ndo maana tumekaa pamoja, tukasoma, tukauliza wenye umri, tukaandika hii. Ni ndefu kidogo, mtuvumilie. Usome nusu leo, nusu kesho ukipata chaji.

Tuanze kwa kusema wazi: hatuandiki ili kuwaambia kwamba hesabu ni nzuri. Wala hatusemi ni mbaya. Panga ni moja, linakata kuni na linakata mtu. Inategemea mkono ulioshika. Historia ya kuhesabu watu ni hivyo hivyo.

HESABU YA ZAMANI ILIKUWA YA VITA NA KODI

Wengi wetu tuko na Biblia nyumbani. Ndani yake kuna kitabu kizima kinaitwa Hesabu. Fungua sura ya kwanza: Musa anaambiwa ahesabu wanaume kuanzia miaka 20, wale wanaoweza kwenda vitani. Jumla inaandikwa pale: 603,550. Wanawake hawamo, watoto hawamo, wazee wasioweza kupigana hawamo. Kumbe tangu zamani, anayehesabu anahesabu kile anachotaka kukitumia. Baadaye Mfalme Daudi anamtuma Yoabu kuhesabu watu, na Yoabu mwenyewe anamuuliza bwana wake kwa nini anataka jambo hilo. Na katika Luka tunasoma amri ya Kaisari Augusto, kila mtu aende mji wake akaandikwe. Hiyo nayo ilikuwa hesabu ya utawala uliotaka kodi.

Kwa hiyo babu zetu walipoogopa daftari, hawakuwa wajinga. Hebu tuangalie Congo.

Wakati wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, nchi iligawiwa makampuni ya mpira. Moja iliitwa ABIR, ilifanya kazi upande wa kaskazini, kwenye mito ya Lopori na Maringa. Kila kituo cha kampuni kilikuwa na orodha ya wanaume wa kila kijiji. Orodha ile haikuwa ya shule wala ya chanjo. Ilikuwa ya mpira: karibu kilo 4 za mpira mkavu kwa kila mwanaume, kila wiki mbili. Jina lako likiwa ndani ya daftari, tayari una deni. Usipoleta, unachapwa, au mke wako anashikwa mpaka ulete. Watu walikimbia wakaingia msituni. Mtu aliyekimbia daftari alikuwa anaokoa maisha yake.

Baada ya 1908 Ubelgiji ikachukua nchi kutoka kwa Leopold, na dola ile ambayo wazee waliiita Bula Matari ikaleta kodi ya kichwa. Ili kodi ipatikane, lazima vichwa vijulikane. Basi mtawala anapita, chefu na kapita wanapanga watu mstari, majina yanaandikwa. Mwanaume anayejua kwamba wanakuja kuandika, anaenda kuvua samaki siku tatu.

Kenya mambo yalikuwa yale yale kwa jina lingine. Sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kila mwanaume wa miaka 16 na zaidi alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la tajiri wake na mshahara wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoninginia shingoni. Waliita kipande. Ukiacha kazi bila tajiri kusaini kipande, polisi wanakutafuta. Alama za vidole hazikuanza na mashine za kambini, jamani. Ziko na zaidi ya miaka 100 hapa kwetu.

KADI ILIYOGEUKA KUWA HUKUMU

Sehemu hii tunaiandika kwa heshima, sababu kikundi chetu kina watu wa Congo, Rwanda na Burundi, na kuna walioona kwa macho.

Katika miaka ya 1933 na 1934, Wabelgiji waliandikisha watu wa Rwanda na kutoa kadi. Kwenye kadi wakaandika kabila: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kabla ya hapo mambo haya yalikuwepo, lakini hayakuwa yamefungwa kwenye karatasi kiasi kwamba mtoto anarithi neno la baba yake kama anavyorithi jina. Karatasi ikayafunga. Uhuru ukaja, Wabelgiji wakaondoka, lakini ule mstari kwenye kadi ukabaki. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kitu cha kwanza kuulizwa kilikuwa kadi. Mstari mmoja ulioandikwa na karani miaka 60 nyuma ulitosha kuamua nani apite na nani asipite. Baada ya mauaji ya kimbari Rwanda iliondoa kabila kwenye vitambulisho.

Msidhani haya ni ya Afrika peke yake. Uholanzi kabla ya Vita ya Pili walikuwa na daftari safi sana la wakazi: kila mtu, anwani yake, na dini yake. Daftari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya kazi za kawaida za serikali. Wajerumani walipoivamia nchi mwaka 1940, wakalikuta limepangwa vizuri. Karibu robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa, zaidi ya watu 100,000. Tarehe 27 Machi 1943, kikundi cha wapinzani wa Wajerumani, kati yao wasanii Willem Arondeus na Gerrit van der Veen, kiliingia ofisi ya daftari la Amsterdam na kuichoma. Ni sehemu tu ya kadi iliyoungua, na 12 kati yao walipigwa risasi mwezi Julai mwaka huo huo. Watu walikufa ili kuchoma kadi. Ukielewa kwa nini, utaelewa kwa nini swali la mama zetu si la kipuuzi.

Somo tunalopata hapa si kwamba tukatae kuandikwa. Somo ni kwamba daftari linaishi kuliko aliyeliandika. Karani wa 1933 hakujua 1994. Kwa hiyo swali la kuuliza siku zote ni: kuna nini ndani ya hiyo karatasi ambacho hakihitajiki kwa kazi iliyotajwa?

GOMA 1994: NAMBA YA CHINI

Sasa tugeuze upande wa pili wa panga.

Katikati ya Julai 1994, ndani ya siku chache, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma. Pale ardhi ni mawe ya volkeno. Huwezi kuchimba choo, huwezi hata kuchimba kaburi. Maji yalikuwa ya Ziwa Kivu, watu walikunywa bila kusafishwa. Kipindupindu kikaingia, kisha kuhara damu. Maiti zilifungwa mikeka zikawekwa kando ya barabara, na malori yakapita kuzikusanya.

Katika hali hiyo, nani ana nafasi ya kuhesabu? Lakini kuna watu walihesabu. Waliokuwa kwenye malori waliandika idadi ya maiti walizobeba kila siku. Kwa mwezi mmoja ilifika zaidi ya 48,000. Ni namba nzito kusoma. Lakini madaktari walihitaji kujua kitu kingine: 48,000 kati ya wangapi?

Hapa tunaomba mtumie akili ya darasani kidogo. Kupima ukali wa vifo kambini, unachukua waliokufa kwa siku, unagawa kwa watu wote walio hai pale. Ile namba ya chini, unayogawa nayo, ndiyo watu wengi hawaifikirii. Kipimo cha wataalamu ni hiki: kikizidi kifo 1 kwa watu 10,000 kwa siku, hiyo ni hali ya dharura.

Sasa Goma. Vifo 48,000 kwa siku 30 ni 1,600 kwa siku. Mwanzoni ilisemwa wakimbizi pale walikuwa milioni 1.2. Ukigawa, unapata vifo kama 13 kwa watu 10,000 kwa siku. Baadaye wataalamu walipopima vizuri zaidi, wakasema walikuwa kati ya 500,000 na 800,000. Kwa 800,000 inakuwa vifo 20. Kwa 500,000 inakuwa 32. Angalia vizuri: maiti ni zile zile, malori ni yale yale, lakini ukali wa janga unaweza kuonekana mara mbili na zaidi kwa sababu ya namba ya chini tu. Hata kwa namba ndogo kabisa, ilikuwa mara 13 ya kipimo cha dharura.

Mwaka uliofuata matokeo hayo yalichapishwa kwenye jarida la madaktari la Uingereza linaloitwa Lancet. Vifo vya Goma ni moja ya sababu zilizofanya mashirika yakae chini na kukubaliana viwango vya pamoja vya maji, vyoo na chakula. Viwango hivyo viliitwa Sphere, kazi yake ikaanza 1997. Yaani choo unachotumia leo hapa kambini, mbali kiasi gani na nyumba na watu wangapi wanakitumia, kinatokana na vipimo vilivyolipiwa na watu wale.

Lakini Goma ilifundisha na jambo chungu. Viongozi waliokuwa na nguvu ndani ya kambi zile walitaja watu wengi kuliko waliokuwepo, wakashika ugawaji wa chakula, wakakiuza na kujiimarisha. Walipinga watu wasihesabiwe mmoja mmoja, sababu hesabu ya kweli ingewanyang'anya mkate. Novemba 1994, Madaktari Wasio na Mipaka tawi la Ufaransa waliamua kuondoka kwa sababu ya hali hiyo. Kwa hiyo si kila anayekuambia "tusihesabiwe" anakutetea wewe. Wengine wanatetea gunia lao.

NCHI ISIYOJIJUA

Sisi tuliotoka Congo tuko na ajabu yetu. Wabelgiji, katika miaka ya 1955 hadi 1957, walifanya uchunguzi mkubwa wa watu. Hawakuhesabu kila mtu. Walichagua sehemu ya vijiji na miji, wakauliza kwa makini, kisha wakakadiria nchi nzima. Ni kama mama anayeonja kijiko kimoja cha mboga kujua chumvi ya sufuria nzima. Mradi ukoroge kwanza. Uchunguzi ule ulionyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa na uhakika nalo: katika maeneo fulani, kama kwa Wamongo na Waazande, wanawake wengi hawakuwa wanapata watoto kabisa, na sababu kubwa ilikuwa magonjwa ya zinaa ambayo yangeweza kutibiwa. Familia zilikuwa zinalaumu uchawi. Daftari likaonyesha ugonjwa.

Sensa kamili ya kitaalamu ikafanyika tarehe 1 Julai 1984, nchi ikiitwa Zaire. Ilipata watu karibu milioni 30. Mpaka leo tunapoandika, hiyo ndiyo ya mwisho. Kijana aliyezaliwa mwaka ule sasa ana zaidi ya miaka 40, huenda ana wajukuu, na nchi yake haijamhesabu hata mara moja. Leo husemwa Congo ina watu zaidi ya milioni 100, lakini hayo ni makadirio. Wataalamu wanatazama paa za nyumba kwenye picha za satelaiti, wanahesabu watu kwenye maeneo machache, kisha wanakadiria. Inasaidia kupanga chanjo, na ni kazi nzuri. Lakini paa haikuambii ndani wamelala watoto wangapi.

Nani anaumia nchi isipojijua? Chukua chanjo ya surua. Wakisema kijiji kina watoto 200 na kweli wako 400, dozi zinakuja 200. Ripoti inasema tumechanja wote. Surua inarudi mwezi unaofuata na watu wanashangaa.

Chukua uchaguzi. Kwa kuwa hakuna sensa mpya, viti vya bunge vinagawanywa kwa kufuata walioandikishwa kupiga kura. Kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, maeneo ya Masisi na Rutshuru kule Kivu Kaskazini, na Kwamouth kule magharibi, hayakupiga kura sababu ya vita na ukosefu wa usalama. Watu wale wale waliofukuzwa na risasi wakakosa tena kuhesabiwa kwenye kura. Wengi wenu mnaosoma hapa mmetoka huko. Vita ilikutoa kwenye nyumba, kisha ikakutoa kwenye orodha.

Linganisha na nchi jirani. Tanzania wamehesabu 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hii ya mwisho ilipata watu 61,741,120. Hapa Uganda walihesabu 2014 wakapata milioni 34.6, na wakahesabu tena 2024 wakapata karibu milioni 45.9. Mnakumbuka lile swali la makarani: nani alilala humu usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei? Wengine walicheka. Lakini swali lile lina akili. Watu wanatembea, mtu wa Nakivale anaweza kuwa Mbarara asubuhi na Kampala jioni. Usiku mmoja ukichaguliwa kwa nchi nzima, kila mtu anaandikwa alipolala, hakosekani wala harudiwi.

NAMBA INAVYOGEUKA KUWA MAJI

Sasa turudi kambini. Tuchukue kijiji kimoja chenye watu 1,000. Kipimo cha UNHCR ni lita 20 za maji kwa mtu kwa siku. Kwa hiyo lori au bomba lazima lilete lita 20,000. Choo ni kimoja kwa watu 20, kwa hiyo vyoo 50. Bomba la kuchotea ni moja kwa watu 250, kwa hiyo mabomba 4.

Sasa sema watu 300 hawakwenda kuandikwa. Walikuwa na hasira, au walikuwa shambani, au walisikia uvumi. Daftari linasema 700. Maji yanaletwa lita 14,000. Lakini wanaokunywa bado ni 1,000. Kila mtu anapata lita 14, chini hata ya lita 15 ambazo Sphere wanasema ndicho kiwango cha chini. Vyoo vinajengwa 35, kila kimoja kinatumiwa na watu karibu 29. Wale 300 hawajajiadhibu peke yao. Wameadhibu kijiji kizima, pamoja na mtoto wa jirani aliyeandikwa.

Geuza upande mwingine. Daftari linasema 1,000, watu wa kweli 700. Chakula cha watu 300 kinakuja na hakina mwenyewe. Kinaenda wapi? Hakiozi, hakikisi. Kinapata tumbo.

Hapo ndipo tunafika mwaka 2018 hapa Uganda. Mwanzoni mwa mwaka ule kulikuwa na tuhuma nzito kwamba idadi ya wakimbizi imepandishwa na kwamba chakula na pesa vinaibiwa. Maofisa wakubwa walisimamishwa kazi wakati wa uchunguzi. Wafadhili walitaka ukweli. Basi serikali pamoja na UNHCR wakaanza uhakiki mkubwa mwezi Machi, kambi ya Oruchinga ikiwa ya kwanza, mpaka Oktoba. Kila mtu aliweka vidole na kutazama mashine ya mboni. Kabla yake ilisemwa tuko milioni 1.4. Uhakiki ukaishia na watu karibu milioni 1.1.

Magazeti ya nje yaliandika juu ya wakimbizi hewa. Sisi tunaomba jambo hili lisemwe kwa haki. Namba iliyopungua si yote ni wizi, na wizi si wote ni wa mkimbizi. Kuna waliorudi nyumbani bila kuaga ofisi. Kuna waliokufa na karatasi zao hazikufungwa. Kuna walioandikwa mara mbili kwa sababu mashine za zamani hazikuwa zinaongea na nyingine. Kuna waliokuwa mbali kutafuta kazi siku zile. Na ndiyo, kuna majina yaliyotungwa ili mtu ale. Lakini mkimbizi anayelala kwenye turubai hawezi peke yake kutunga maelfu ya majina na kuyaingiza kwenye kompyuta ya ofisi.

Kisha mama zetu wanasema: "Mlituhesabu, chakula kikapungua." Ni kweli kwamba chakula kilipungua. Lakini tuangalie tarehe. Aprili 2020 WFP walikata 30 kwa mia, wakaita jambo hilo ukosefu wa pesa. Mwanzoni mwa 2021 kikashuka mpaka 60 kwa mia ya kiwango kamili. Julai 2023 wakatugawa makundi matatu: wanaoonekana dhaifu zaidi wapate 60 kwa mia, wa katikati 30 kwa mia, na wanaoonekana wanaweza kujitegemea wasipate kitu. Kilichopunguza sufuria ni pesa za wafadhili. Lakini kilichoamua nani apunguziwe zaidi ni taarifa za kaya: wako wangapi, umri gani, nani mgonjwa, nani mlemavu, nani mjane. Ndo maana tunasema taarifa yako ina uzito kuliko ulivyodhani. Bibi ambaye karatasi yake inasema miaka 45 na kweli ana 65, kompyuta inamwona bado ana nguvu ya kulima.

VIDOLE HAVISAHAU

Kuna mambo mawili ya kujua kuhusu mashine hizi, ili msije kusema hatukuwaambia upande wa pili.

La kwanza ni la Bangladesh. Mwezi Juni 2021, shirika la Human Rights Watch lilisema kwamba taarifa za wakimbizi wa Rohingya, zilizokusanywa wakati wa kutoa kadi za msaada, zilipelekwa na serikali ya Bangladesh kwa Myanmar, nchi ile ile waliyoikimbia. Majina yasiyopungua 830,000. Shirika lilisema wakimbizi wengi waliohojiwa hawakuwa wameelezwa vizuri. UNHCR walijibu kwamba watu waliulizwa ridhaa na kuelezwa. Hatukuwepo, hatuwezi kuamua kesi. Lakini hata hivyo tunajifunza: ridhaa si kuweka kidole kwa haraka sababu foleni ni ndefu. Uulizwe kwa lugha unayosikia, na uelewe taarifa inaenda wapi.

La pili ni la Kenya. Wakati wa ukame, kuna Wakenya wa Garissa na maeneo jirani walioandikishwa kambi za Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto, waliandikwa na wazazi. Walipokua wakaenda kuomba kitambulisho cha Kenya. Mashine ikasoma vidole ikasema: wewe ni mkimbizi. Maelfu ya watu wakakaa miaka bila kitambulisho katika nchi yao wenyewe, bila kazi, bila akaunti ya benki. Kidole ulichokopesha leo kwa gunia la unga kinaweza kukudai baada ya miaka 20. Kwa hiyo vijana, yule rafiki anayekuambia "njoo uweke kidole kwa jina la binamu yangu", mkatae mchana kweupe.

TUNAOMBA NINI KWENU

Baada ya kusoma haya yote, sisi tumefika hapa: kukimbia daftari kulimwokoa babu wa wakati wa mpira, lakini hakutamwokoa mjukuu wa kambini. Kinachoweza kutusaidia ni kuingia kwenye daftari macho yakiwa wazi. Basi ukifika mezani, fanya hivi.

Nenda na watoto wote, hata mchanga wa wiki moja, na karatasi yake ya kliniki. Mtoto asiyeandikwa hana chanjo kwenye hesabu, hana dawati kwenye hesabu, na siku ya kurudi nyumbani hana wa kumthibitisha ni mtoto wa nani.

Sema umri wa kweli. Kama hujui mwaka, taja tukio: alizaliwa mwaka volkeno ilipolipuka Goma, yaani 2002, au mwaka fulani wa vita. Karani mzuri anajua kufanya hesabu hiyo.

Sema ugonjwa na ulemavu bila aibu. Hakuna anayetangaza kwenye megafoni, tunawahakikishia sisi tulioishika.

Aliyekufa, sema amekufa. Aliyehama, sema amehama. Tunajua inauma kufuta jina la mpendwa, na tunajua jina lile lilikuwa na unga wake. Lakini jina la marehemu likikaa, ndilo linalotumika kutuita sote wezi.

Soma karatasi kabla ya kuondoka mezani. Huwezi kusoma, mwite mmoja wetu, ndiyo kazi yetu. Jina likikosewa herufi moja, sema pale pale, sababu mwaka kesho herufi ile itakuwa mtu mwingine.

Na uliza. Uliza: taarifa hii ni ya nini? Nani mwingine ataiona? Nikitaka kurekebisha niende wapi? Ukiulizwa kitu ambacho hakihusiani na msaada, kama kabila lako, una haki ya kuuliza kwa nini kinahitajika. Yoabu alimuuliza mfalme. Wewe unaweza kumuuliza karani, tena kwa adabu.

Zoezi linaanza asubuhi saa mbili kwenye uwanja wa ugawaji, kijiji kwa kijiji kama tulivyotangaza. Wazee, wajawazito na wagonjwa wana mstari wao. Mleteni maji ya kunywa na mwavuli, sababu jua la huko halina huruma. Mwenye swali aandike hapa chini au atutafute penye mti wa miembe, tutakuwepo siku zote.